Sahihi Mbili za Hortensia

Sehemu ya Saba

M.Q.

Herufi mbili tu kwenye kona ya skrini, na hapo ndipo Jumamosi iliyopita tulipomwacha Hortensia Quiroz, ameinama juu ya kaunta ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti, miwani imemteremka puani, akitaka kumjua mtu aliyeikataa kura yake.

Wewe uliyekosa gazeti, shika haya machache. Hortensia ana miaka sitini na sita. Amepanga tufaha kwenye maboksi kiwandani tangu ujana wake. Mwaka huu alijaza karatasi ya kura, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina lake kwa mkono wake na kuituma kwa posta, maana kule kwao ndivyo watu wote wanavyopiga kura. Kilichokuwa kwenye karatasi ni maji: bomba safi liletwe kwenye nyumba za trela anakoishi yeye na majirani zake, ambako visima vimeharibiwa na samadi ya ng'ombe wa mashamba ya maziwa. Kisha asubuhi ya leo jirani yake Chayo akamwangalizia kwenye simu, akakuta bahasha imekataliwa. Sahihi hailingani. Na leo ndiyo siku ya mwisho ya kurekebisha.

"M.Q. ni nani?" Hortensia aliuliza, ingawa moyo ulikwisha kumjibu.

"Mkaguzi wetu, Maribel Quiroz," karani alisema. Halafu akalitazama tena jina la mama aliyesimama mbele yake. "Ni ndugu yako?"

"Nimemzaa."

Karani, mama mmoja mnene wa sauti ya taratibu, alijifanya anatafuta karatasi.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Maribel alitoka na kikombe cha kahawa, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, akicheka na mtu aliye nyuma yake. Alipomwona mama yake, kicheko kilikufa.

"Mama. Umefikaje huku?"

"Baba yako kanileta. Yuko nje kwenye gari, goti lake halitaki ngazi." Hortensia alinyoosha kidole kwenye skrini. "Huyu ni wewe?"

"Tuongee pale."

Walisimama kwenye korido, karibu na bomba la maji ya kunywa.

"Bahasha yangu uliiona?"

"Niliiona."

"Ukajua ni yangu?"

"Mama, hapa hatuangalii ni ya nani. Tunaangalia kama sahihi ya kwenye bahasha inafanana na ya kwenye faili."

"Nimekuuliza ulijua?"

Maribel alikizungusha kikombe mkononi. "Nilijua."

"Majira yote ya baridi nimekaa kwenye darasa la watu wazima pale maktaba, mtu mzima na mvi zangu, najifunza kuandika jina. Nikakuonesha. Ukaitazama H yangu ukasema mama, hii H ni ngazi, mtu anaweza kuipanda akachuma tufaha. Ulisema hivyo au nimeota?"

"Nilisema."

"Basi mkono wangu unaujua kuliko mtu yeyote kwenye jumba hili. Na ndiwe uliyeukataa."

"Waangalizi wa vyama wanasimama nyuma ya bega langu. Nikipitisha sahihi isiyofanana hata chembe, wataniuliza. Na si mimi peke yangu. Sahihi haikataliwi mpaka mkaguzi wa pili akubali. Naye alikubali."

"Kwa nini hukumpa mwingine tangu mwanzo? Nani anayemhukumu mama yake?"

Hata kanuni ya ofisi ilisema hivyo hivyo: bahasha ya ndugu yako, mpe mwenzako. Maribel aliisoma mwenyewe na akaiwekea saini alipoajiriwa.

"Na hiyo ya kwenye faili," Hortensia alisema, "ambayo yangu haifanani nayo. Aliitia nani?"

Maribel aliangalia huku na huku. Kisha akashusha sauti.

"Mama, unakumbuka siku ile ukumbini, kanisani? Mwaka ule ulioapa uraia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa mezani naandikisha wapiga kura."

Hortensia aliikumbuka. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yake walisimama wanawake anaofanya nao kazi. Wakati huo hakuweza kuandika chochote zaidi ya msalaba. Hakuna aliyemwambia kwamba alama ya msalaba nayo inakubalika, mbele ya mashahidi wawili. Alimwinamia binti yake akamnong'oneza: nitilie wewe, watu wananiangalia.

Na Maribel akamtilia, sahihi nzuri ya mwandiko wa kulala, yenye mkia kama wa kishada.

"Kwa hiyo iliyopo kwenye faili ni yako," Hortensia alisema polepole.

"Ni yangu."

"Na ya kwangu hailingani na jina langu kwa sababu jina langu liliandikwa na wewe."

"Ndiyo, mama."

Msomaji, hapa ungetegemea mama apandishe hasira. Hakupandisha. Alimshika binti yake shavu.

"Basi kosa ni langu mimi. Mimi ndiye niliyekutuma. Nisamehe, mwanangu. Nilipoziona zile herufi nilidhani umeniuza." Akaurekebisha mtandio wake. "Twende. Yule karani kasema kuna fomu ya kurekebisha. Natia sahihi kabla hawajafunga saa kumi na nusu, mambo yaishe."

Maribel alimshika mkono. Alimshika kwa nguvu kidogo kuliko inavyopasa.

"Usitie, mama."

"Kwa nini?"

Kabla hajajibu, karani alikuja na fomu mkononi.

"Nimekuta kumbukumbu zako, Bi Quiroz. Samahani, mwanzoni nilidhani hatukukupata. Barua ya kukujulisha ilikwenda. Tena simu ilipigwa wiki iliyopita, ukapokea. Ukasema hutaki kurekebisha, tuiache ilivyo."

"Mimi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Ulitaja na tarehe ya kuzaliwa."

"Mama, mimi sijapigiwa na mtu. Mlipiga namba gani?"

Karani akaisoma. Hortensia hakuwa msomaji wa vitabu, lakini namba ile aliijua kwa moyo. Ndiyo aliyoipiga kila Jumapili kuuliza kama mjukuu amekula.

Karani aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaiweka fomu juu ya benchi na kurudi kwenye kaunta yake.

"Walikupigia wewe," Hortensia alisema.

"Namba yangu ndiyo iliyokuwa kwenye faili. Tangu ile siku ya kanisani."

"Ukajiita mimi."

"Nilijiita wewe."

"Ukawaambia sitaki kura yangu."

"Mama, nisikilize. Kutia sahihi ya mtu mwingine kwenye uchaguzi ni jela. Faili lako likifunguliwa leo, mtu akiziweka sahihi mbili pamoja na kuuliza ya kwanza aliitia nani, mimi nimekwisha. Nina mtoto wa miaka minne."

"Na huyo mtoto unamwogesha kwa maji ya chupa, kwa kukosa bomba lilelile nililolipigia kura."

"Najua."

"Limeshindwa kwa kura tisa."

"Najua. Nimezihesabu mimi. Kura yako moja isingeziba tisa."

"Ungekuja ukaniambia. Mama, nimeogopa. Maneno mawili tu."

"Ningekwambia, ungekwenda kusema ukweli. Wewe hujui kunyamaza."

Hortensia aliinama akaichukua fomu. "Barua nayo uliipeleka wapi?"

"Mama, ile barua..."

"Basi. Usiniambie." Akaelekea kwenye chumba cha mkutano, ambako bodi ya kuhakiki kura ilikuwa imekaa hadharani, na yeyote aliruhusiwa kuingia.

"Mama, mimi ni mwanao," Maribel alisema nyuma yake.

"Ndiyo maana inauma."

Wajumbe walikuwa watatu. Katikati alikaa mwenyekiti, Bi Lorna Tveit, mwenye nywele fupi nyeupe. Kushoto kwake alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti, Bwana Pruitt, kwa kuwa sheria ya jimbo inamtaka awemo. Wa tatu alikuwa diwani mmoja aliyekuwa akisinzia.

Maribel aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama ukutani.

"Karibu, Bi Quiroz," alisema mwenyekiti. "Usiogope, hii si mahakama. Fomu inakuuliza jambo moja tu. Sahihi iliyo kwenye bahasha ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliitia mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mkono huu."

"Basi tuoneshe kitambulisho, utie sahihi hapa chini. Inatosha."

Hortensia alimtazama. "Inatosha?"

"Inatosha. Mkono wa mtu hubadilika. Kuna uzee, kuna maradhi, wengine huvunjika vidole. Sheria haikutaka mtu apoteze haki yake kwa sababu ya mwandiko."

Hakuna aliyeuliza habari ya sahihi ya zamani, wala aliyefungua faili. Hofu yote ya Maribel, ile simu na barua iliyofichwa, ilikuwa ya bure. Hortensia aligeuka kumtazama binti yake pale ukutani. Maribel naye alikuwa amefumba macho kama mtu aliyevushwa mto.

Hortensia akaandika. Ilimchukua muda. H ikasimama kama ngazi, na zile herufi nyingine zikaifuata moja moja, kama wazee wanaopanda basi.

Mwenyekiti akawaangalia wenzake. Mikono mitatu ikanyooshwa, hata wa yule msinziaji.

"Kura yako itahesabiwa leo, Bi Quiroz."

Mambo yangeweza kuishia hapo, mama akatoka na ushindi wake na binti akabaki na kazi yake. Kilichoyavunja ni adabu ya Bwana Pruitt. Alitaka kumpa mama wa watu neno zuri la kuondokea.

"Nakupongeza," alisema huku akiigeuza kompyuta iliyokuwa mbele yake. "Watu kama wewe ni wachache. Naona hapa hujakosa uchaguzi hata mmoja."

"Nani?"

"Wewe, mama."

Hortensia alicheka kidogo. Alidhani anataniwa. "Baba, hii ndiyo kura yangu ya kwanza tangu nizaliwe."

Bwana Pruitt naye alicheka. Kisha akaitazama skrini tena, na kicheko kikamtoka usoni.

"Hapa inaonesha umepiga kura mara kumi na moja."

"Hapana."

"Mara zote sahihi ililingana."

Yule diwani aliyesinzia sasa alikuwa macho kabisa.

"Labda umesahau," alisema mwenyekiti kwa upole. "Bahasha ilikuja nyumbani, ukatia sahihi bila kuangalia sana. Hutokea."

"Mama, mimi nilikuwa sijui kuandika. Ningetia sahihi gani?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Alisikia kiatu kikisogea nyuma yake, karibu na ukuta, na hakugeuka.

Mwenyekiti alikuwa akisoma orodha kwa kidole. "Miongoni mwa hizo kumi na moja, mbili zilikuwa na suala la bomba la maji. Yote mawili yalishindwa."

"Kwa kura nyingi?" Hortensia aliuliza.

"Kwa chache."

Bwana Pruitt alifunga kalamu yake. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Bi Quiroz, kabla hujaongeza neno, jua kwamba hulazimiki kusema chochote. Unaweza kumtafuta wakili. Tupumzike robo saa. Na wewe, Maribel, naomba usiondoke. Jina lako liko kwenye ukaguzi huu, na ni la ukoo mmoja na la mama huyu."

Watu walitoka. Mama na binti wakabaki, meza katikati yao.

"Mara kumi na moja," Hortensia alisema.

"Mama."

"Kwa jina langu ulimpigia nani kura?"

"Sikujua zimejazwaje."

"Sahihi si yako?"

"Sahihi ni yangu. Lakini karatasi nilizikuta zimejazwa, bahasha zimefungwa. Mimi nilitia sahihi tu."

"Tu."

"Aliniambia wewe ndiye uliyemwomba. Kwamba unaona haya kuniomba tena. Mara ya kwanza niliamini."

"Na ya pili?"

"Ya pili sikuuliza."

"Nani alikuletea?"

Maribel alitazama dirishani tu. Hortensia akayafuata macho yake mpaka kwenye maegesho, kwenye pikapu ya kijani iliyokuwa ikitoa moshi mweupe kwenye baridi ya Novemba. Ndani yake Evaristo, mume aliyeishi naye miaka arobaini na moja, alikuwa akila mkate alioufungiwa na mkewe asubuhi.

Hapo Hortensia akaelewa kwa nini bahasha za kura hazikupata kufika mikononi mwake. Sanduku la posta lilikuwa la Evaristo. Kila siku baada ya kazi alipita kulifungua, akasema ni matangazo ya duka na bili. Mwaka huu tu, goti lake lilipopasuliwa, Hortensia alikwenda kulifungua mwenyewe.

Alishuka ngazi bila koti, akagonga kioo. Evaristo alikishusha, mdomo bado umejaa.

"Wamekubali, Tencha?" Hilo ndilo jina alilomwita tangu uchumba.

"Wamekubali."

"Si nilikwambia? Haya, panda, utapata homa."

"Evaristo, miaka yote hii mimi nilikuwa nikimpigia nani kura?"

Alitafuna mara moja zaidi, akameza, akaufunga mkate kwenye karatasi yake kwa utaratibu.

"Nani amekwambia? Maribel?"

Mtu asiyejua kitu angesema unaota, au angeuliza kura zipi. Yeye aliuliza nani amekwambia.

"Zima gari," Hortensia alisema.

Akaizima.

"Tencha, kaa ndani tuongee kama watu."

"Nitasimama. Sema."

"Unajua mimi ni nyapara wa nani. Bwana Vandermeer alinichukua nikiwa sina hata koti. Anatulipa mwaka mzima, hata ng'ombe wakiugua. Akaja siku moja akaniuliza, Evaristo, nyumba yako iko upande gani? Ningemjibu nini? Nilimwambia nyumba yangu iko upande wako."

"Nyumba yako."

"Yetu."

"Umesema yako. Na bomba la maji? Mara zote mbili?"

"Bomba lingemletea kesi. Wangekuja kupima visima, wangesema samadi yake. Shamba lingefungwa. Tungekula nini, haki ya kupiga kura?"

"Ulinifanya nikatae maji ya mjukuu wangu. Halafu ukaja nyumbani ukakaa mezani, nikakumiminia kahawa, nikakulalamikia kwamba wenzetu wamekataa bomba, nikasema sijui watu wa namna gani hawa. Ukanisikiliza. Ukasema, ndiyo, Tencha, watu wabaya."

Evaristo aliutazama usukani.

"Sikukudhuru. Ulikuwa hutaki kupiga kura. Hukuwahi kuuliza."

"Sikuwahi kuuliza kwa sababu nilidhani mtu asiyejua kuandika hana haki hiyo. Wewe ulijua anayo. Wewe ulijua, ukaitumia."

Mlango wa jengo ulifunguka. Bwana Pruitt alitoa kichwa, akatazama upande wao, akarudi ndani.

Evaristo alimshika mkewe kiganja pale juu ya kioo. Sauti yake ikawa laini, ile aliyoitumia kwa ndama wagonjwa.

"Sikiliza, mama Maribel. Bado haijaharibika. Rudi ndani uwaambie umekosea. Sema umesahau. Sema umekuwa ukitia sahihi kila mwaka, ila siku hizi kichwa kinakucheza. Wewe ni mzee, hujasoma. Watakuamini."

Baridi ilikuwa imempanda Hortensia mpaka mabegani na hakuisikia.

"Rudia la mwisho," alisema.

"Nimesema watakuamini."

"Hapana. Lile la kabla ya hilo."

Hakurudia. Hortensia akautoa mkono wake.

"Kwa hiyo aliyeghushi abaki na akili zake, na mimi nikatangaze mbele ya serikali kwamba nimepoteza zangu."

"Ni binti yako atakayekwenda jela, si mimi. Fikiria hilo unapojivunia hiyo H yako."

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo iliyomkata. Mtoto alitumwa na baba yake, na sasa baba anamweka mbele kama ngao. Hortensia alimtazama mtu huyu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, akajikuta hajui hata macho yake yana rangi gani.

Akageuka arudi ndani.

"Tencha. Ukiingia humo, usirudi nyumbani."

"Funguo ziko kwako," alisema bila kusimama. "Nyumba ulishasema ni yako."

Kwenye ngazi alikutana na Maribel. Alikuwa amebeba koti la mama yake, na shingoni kile kitambulisho hakikuwepo tena. Alimtandika koti mabegani. Hortensia aliliacha likae, lakini hakusema ahsante.

"Wamekichukua?"

"Nimewapa mwenyewe. Wamesema nisitoke nje ya kaunti." Maribel alijifuta pua kwa mkono kama mtoto. "Mama, nakwenda kuwaambia kuhusu sahihi zako. Zote kumi na moja. Wewe usiseme lolote juu yangu. Nitasema mimi."

Lilikuwa jambo la kwanza la kweli kutoka kwake tangu asubuhi. Hortensia alikuwa karibu kumshika mkono.

"Vizuri. Tutaingia wote."

Lakini Maribel hakusogea. Alikuwa akitazama juu ya bega la mama yake, kwenye pikapu, ambako Evaristo alikuwa ameshika simu sikioni, akizungumza na mtu kwa haraka.

"Anampigia Bwana Vandermeer," Maribel alisema.

"Aache ampigie. Kura yangu imeshapita, hawezi kuirudisha."

"Hajali kura yako, mama."

Hortensia alimgeukia. "Ana wasiwasi na nini basi?"

"Siku ile kanisani hukuwa peke yako kwenye foleni. Wale wanawake wa nyuma yako, waume zao wanamfanyia kazi Bwana Vandermeer, chini ya baba. Nao walikuwa wanaona haya. Baba aliniambia, umemsaidia mama yako, saidia na hawa."

"Umewatilia wangapi?"

"Sikumbuki."

"Na bahasha zao za kura, miaka yote hii?"

"Waume zao walimpa baba, naye akaniletea kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na yako."

"Mpaka mwaka jana," Hortensia alisema. Hakuwa akiuliza. Alikuwa akiomba.

Maribel alitikisa kichwa.

"Mwaka huu pia, Maribel?"

"Mwaka huu pia. Zimehesabiwa."

Hortensia alishika chuma cha ngazi. Aliwaza zile kura tisa, akawaza Chayo, na wanawake wote wa trela wanaobeba maji ya chupa kwa magaloni na kulaani majirani wasioonekana waliokataa bomba.

"Ni zipi?" aliuliza. "Za nani ni za kweli na za nani ni zako? Utawaoneshaje?"

"Ni rahisi, mama," Maribel alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Wale waliojifunza kuandika na wewe pale maktaba wakatia wenyewe, ofisi imewakatalia. Zangu ndizo zilizolingana."